Magemu ya zamani ya mashujaa wa katuni yanapogoma: dalili, sababu na dawa yake

Wanaorudi kwenye magemu ya Batman, Spider-Man, Hulk na X-Men yaliyotengenezwa kwa kompyuta za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hukwama sehemu zilezile. Gemu halifunguki. Likifunguka, linakwenda mbio hadi huoni kilichokuua. Au rangi zote ni samawati na waridi kali, au spika ziko kimya, au linakuuliza neno lililomo kwenye kitabu ambacho huna. Wengi wakifika hapo husema faili limeharibika, wanalifuta, wanatafuta jingine, na hilo nalo linagoma vilevile.

Mara nyingi faili ni zima. Kinachokosekana ni kompyuta ya rika la gemu lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, jiulize: gemu hili lilitoka mwaka gani, na kwa mashine ipi? Majibu mengi ya hapa chini yanatokana na swali hilo.

Nachukulia kwamba unatumia DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya DOS (mfumo uliotumika kwenye PC kabla ya Windows) ndani ya Windows, Mac au Linux. DOSBox 0.74-3, DOSBox Staging na DOSBox-X zote zinafaa. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimeponya na kipi kimeleta ugonjwa mpya.

Kuna kipimo kimoja cha haraka. Tangu mwaka 2015 Internet Archive ina maktaba ya magemu ya DOS yanayochezeka ndani ya kivinjari. Kama gemu lako limo na linakwenda vizuri kule lakini kwako linagoma, acha kulaumu gemu. Tatizo liko kwenye mpangilio wako au kwenye nakala uliyonayo.

Dalili: gemu halifunguki kabisa

Sababu inayoongoza ni kubofya faili la gemu moja kwa moja ndani ya Windows. Windows ya biti 64 haina tena sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za biti 16, na Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Utaambiwa programu haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako, na hapo Windows inasema kweli. Weka kila gemu kwenye folda yake, folda zote ziwe ndani ya folda moja kuu, kisha ndani ya DOSBox andika:

mount c c:\magemu
c:
cd batman
dir

Orodha ikitokea, tafuta majina yanayoishia na EXE, COM au BAT, uandike jina hilo bila kiishio. Usiipe DOSBox diski yako nzima ya C. Ipe folda ya magemu tu, ili kosa lolote liishie humo.

Ukiona maneno "Illegal command", ama umekosea herufi ama hauko ndani ya folda ya gemu. DOS inajua majina ya herufi nane tu, kwa hiyo folda uliyoiita "spidermancaptain" itaonekana kama SPIDER~1. Badilisha jina la folda liwe fupi, lisiwe na nafasi, na shida hiyo imekwisha.

Sababu ya pili huwapotezea watu muda mwingi zaidi: faili si la PC. Batman ya mwaka 1986, kazi ya Jon Ritman na Bernie Drummond kwa kampuni ya Ocean, ilitengenezwa kwa ZX Spectrum, Amstrad na MSX. DOSBox haitaifungua hata ukikesha nayo. Tazama kiishio cha faili: D64 ni la Commodore 64, linataka programu ya VICE; Z80 au TAP mara nyingi ni la Spectrum, linataka Fuse; ADF ni la Amiga.

Sababu ya tatu inakuja na ujumbe wake: "Packed file is corrupt". Unatisha, lakini faili halijaharibika. Baadhi ya programu za enzi hizo zilibanwa kwa njia inayoshindwa kujifungua zikipakiwa chini kabisa kwenye kumbukumbu, yaani ndani ya kilobaiti 64 za mwanzo. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na DOS na madereva yake yakikalia eneo hilo, hivyo gemu lilisukumwa juu. DOSBox inaacha nafasi kubwa mno. Andika loadfix kabla ya jina la gemu, mfano: loadfix batman. Ikikataa, jaribu loadfix -128 batman.

Wachache hukwama na X-Men: The Ravages of Apocalypse ya mwaka 1997. Hiyo imejengwa juu ya gemu jingine, Quake, na bila mafaili ya Quake halisi haina pa kusimama.

Simama hapa: gemu la DOS la mwaka 1989 hukaa kwenye flopi moja au chache, yaani kilobaiti mia kadhaa hadi megabaiti mbili tatu. Ukipakua "Spider-Man ya DOS" ukakuta ni kisakinishi cha Windows cha megabaiti 80 kinachoomba ruhusa za msimamizi, usikifungue. Kama umeshakifungua na kompyuta imeanza tabia mpya, itoe kwenye intaneti na umpelekee fundi wa kompyuta kabla hujaingia tena kwenye benki au huduma ya fedha kwa kutumia mashine hiyo.

Dalili: gemu linakwenda mbio, au linajikokota

Hili ndilo lalamiko linalojitokeza kuliko yote, na ndilo linaloelezea vizuri zaidi enzi yenyewe. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya 8088 yenye kasi ya megahezi 4.77. Waandishi wengi wa magemu walizoea kuiacha prosesa ifanye kazi kwa nguvu zake zote, na wakapima mwendo wa shujaa kwa macho kwenye mashine iliyokuwa mezani kwao. Hakuna mahali gemu liliambiwa "subiri". Ukiliweka kwenye mashine yenye kasi mara mia, linakimbia mara mia.

DOSBox hupima kasi kwa mizunguko, cycles. Usipoigusa, magemu mengi ya zamani hupewa 3000. Kwa gemu la mwaka 1984 hiyo ni kasi mno. Kwa gemu la 1994 ni ndogo mno. Makadirio ya kuanzia: mizunguko kama 300 kwa mashine ya 8088 ya megahezi 4.77, kati ya 1500 na 2500 kwa prosesa ya 286, karibu 6000 kwa 386 ya megahezi 33, karibu 25000 kwa 486 ya megahezi 66. Spider-Man na Captain America katika Dr. Doom's Revenge, na X-Men: Madness in Murderworld, zote za Paragon Software, zilitoka 1989. Anza nazo kwenye kiwango cha 286. Superhero League of Hoboken ya Legend Entertainment, 1994, ianzie kwenye 486.

Wakati gemu linaendelea, kwenye DOSBox 0.74-3 na DOSBox Staging, Ctrl na F11 hupunguza, Ctrl na F12 huongeza. Kompyuta nyingi za mapajani hutaka ubonyeze na Fn pia. Ukipata mwendo unaokuridhisha, soma namba iliyoandikwa juu ya dirisha na uiweke kwenye faili la mpangilio la DOSBox (jina lake huishia na .conf), sehemu ya cpu:

cycles=fixed 1500

Utajuaje kuwa mwendo ni sahihi? Usiwatazame maadui, maana hao huenda waliwekwa wakali makusudi. Tazama kutembea. Hatua za shujaa zionekane moja moja, na ukibonyeza ngumi uone mkono ukienda na kurudi. Ngumi ikimulika tu na kupotea, punguza tena.

Kuna magemu yasiyojali mizunguko kwa sababu yanafuata saa ya ndani ya PC, inayopiga mara 18.2 kwa sekunde. Hayo hata ukiongeza kasi hayakimbii. Yanakuwa laini tu. Basi gemu likitembea sawasawa lakini mandhari yanaruka vipande vipande, ongeza bila woga.

Ukiona "Runtime error 200", gemu liliandikwa kwa Pascal ya Borland. Linapoanza hupima kasi ya kompyuta kwa kugawanya, na kwenye mashine yenye kasi kubwa hesabu hiyo hupasuka. Shusha mizunguko kabla ya kulianzisha, kisha ipandishe likishafunguka. Kama linaendelea kugoma, badilisha core=auto iwe core=normal, uanzishe DOSBox upya.

Dalili: rangi ni nne tu, au skrini inaonyesha vipande

Samawati, waridi kali, nyeupe na nyeusi: hiyo ni CGA, kadi ya picha iliyokuja na PC ya kwanza. Gemu halijaharibika. Limechagua CGA au limechaguliwa. Kwanza litoke na ulianzishe upya, ukisoma skrini ya mwanzo bila haraka, kwa sababu mengi ya miaka ya 1988 hadi 1990 huuliza "CGA, EGA, Tandy?" na watu hubonyeza Enter kabla ya kusoma. Kadi ya EGA hutoa rangi 16, ya VGA 256. Kama halikuuliza, tafuta SETUP au INSTALL ndani ya folda. Kama hakuna, badilisha mstari wa machine kwenye faili la mpangilio: machine=ega, au machine=tandy kwa magemu yaliyopendelea kompyuta za Tandy 1000. Funga DOSBox na uifungue tena, maana badiliko hili halishiki katikati ya kazi.

Ukishajaribu yote na bado ni rangi nne, kubali kwamba toleo hilo lilitengenezwa hivyo. Lichezee hivyohivyo, Batman mweusi kwenye anga la samawati ana uzuri wake.

Dalili nyingine si ugonjwa hata kidogo. Batman: The Caped Crusader ya Ocean, 1988, haijazi skrini. Inaonyesha kisanduku kimoja, ukitoka mlangoni kinafunguka kisanduku kingine juu yake, na kile cha mwanzo kinabaki nyuma. Wanaoiona mara ya kwanza hudhani picha imekwama. Hivyo ndivyo ilivyobuniwa: ni ukurasa wa katuni unaochorwa kadiri unavyotembea. Kwangu hilo ni moja ya mawazo bora kabisa ya magemu ya mashujaa wa enzi ile, na anayelikimbilia kulirekebisha analikosa.

Watu wakionekana wafupi na wanene, ni kwa sababu picha ya 320 kwa 200 ilikuwa ikinyooshwa na skrini za zamani zenye umbo la 4:3. Weka aspect=true kwenye sehemu ya render.

Dalili: hakuna sauti, au sauti ni za ajabu

Kwanza uliza mwaka. Kadi ya sauti ya AdLib ilikuja 1987, Sound Blaster 1989. Gemu la 1985 mara nyingi linajua spika ndogo ya ndani ya PC tu, na mlio wake mwembamba ndio muziki wote uliopo. Hakuna cha kutibu.

Kwa magemu ya baadaye, fungua SETUP uchague Sound Blaster kwa namba ambazo DOSBox hutumia: anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Gemu likitaka IRQ 5 na kukataa kubadilika, ibadilishe upande wa DOSBox, irq=5. Ukikosa bado, chagua AdLib. Utapoteza sauti za watu lakini muziki utarudi. Muziki ukitoka kwa vyombo visivyoeleweka, ngoma mahali pa zeze, umechagua Roland MT-32, kifaa cha muziki cha nje ya kompyuta, bila kuwa nacho. Rudi AdLib.

Dalili: shujaa anatembea mwenyewe, au hatii

Chomoa padi ya kuchezea. Magemu ya zamani hupima joystick kwa muda wa umeme kurudi, na padi ya kisasa huyachanganya. Kama bila padi ametulia, weka timed=false kwenye sehemu ya joystick; ikishindikana, joysticktype=none.

Asipotii kabisa, jaribu vitufe vya namba upande wa kulia, kwa kuwasha na kuzima Num Lock. Ndivyo vilivyotumika sana, hasa kwa kwenda mshazari. Kama kompyuta yako ya mapajani haina sehemu hiyo, Ctrl na F1 hufungua ramani ya vitufe ya DOSBox, ambamo unaweza kuhamisha kila kimoja. Kwa magemu ya mausi, Batman Returns ya Konami ikiwa mojawapo, bofya ndani ya dirisha ili mausi ishikwe. Ctrl na F10 huiachia.

Gemu likizima ghafla kila unapopigana, tazama vidole vyako. Ctrl na F9 huiua DOSBox papo hapo, na magemu mengi hutumia Ctrl kupigia ngumi.

Kwenye simu ya Android, Magic DosBox hufanya kazi, ila vitufe vya kwenye kioo havifai kwa mapigano. Kibodi ya USB kwa waya wa OTG, unaounganisha vifaa vya USB na simu, inaondoa shida hiyo.

Dalili: linakuuliza neno la kwenye kitabu

Huo ulikuwa ulinzi dhidi ya wanaonakili. Gemu linataka neno la ukurasa fulani, ukikosa linafunga, au baya zaidi, linakuacha ucheze huku limekupunguzia uwezo kimyakimya. Tafuta nakala iliyoskaniwa ya kitabu kabla ya kutafuta njia nyingine. Magemu ya Paragon yaliuzwa pamoja na kijitabu cha katuni, na kukisoma ni sehemu ya mchezo. Kwa kuwa Batman ni mali ya DC, na Spider-Man na X-Men ni mali ya Marvel, kampuni za magemu zilipewa leseni ya muda. Leseni zikaisha, ndiyo sababu hutayakuta kwa urahisi madukani leo na vitabu vyake vimebaki kwa watunza kumbukumbu.

Dalili: umekwama sehemu moja siku nzima

Hapa tenganisha fumbo na kosa la kweli.

Fumbo: Hulk ya mtunzi wa magemu Scott Adams, 1984, inaanza ukiwa Bruce Banner uliyefungwa kwenye kiti. Watu huandika sentensi ndefu, gemu linakataa. Linataka kitenzi na nomino tu, na kinachohitajika ni maumivu yatakayomgeuza Banner: bite lip, uma mdomo.

Kosa la kweli: Teenage Mutant Ninja Turtles ya Konami kwa DOS. Kwenye mtaro wa hatua ya tatu kuna pengo lenye dari ya chini. Kwenye NES, mashine ya magemu ya Nintendo, unalipita kwa kutembea tu. Kwenye toleo la DOS pengo lilipanuliwa na dari ikabaki palepale, kwa hiyo ukiruka unagonga kichwa na kuanguka. Haliwezekani kwa uchezaji wa kawaida. Usibadilishe mizunguko, usibadilishe kibodi. Wanaolipita hutumia udanganyifu, na hapo si aibu, kwa sababu mtengenezaji ndiye aliyeuacha mlango umefungwa.

Dalili: una flopi na mashine yenyewe, na haviwaki

Wapo wachache wenye bahati ya kuwa na kompyuta ya miaka hiyo, iliyokuja kama mtumba au iliyobaki ofisini. Hapa hatari si ya gemu tena.

Kabla ya kuchomeka, tazama nyuma ya pawa saplai. Mashine nyingi zilizotoka Marekani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wa Dar es Salaam au Nairobi, itapasuka. Kama haina swichi na imeandikwa 115 pekee, usiichomeke bila transfoma inayofaa.

Fungua kasha mashine ikiwa imechomolewa. Kwenye bodi za 386 na 486 tafuta betri ya duara ndefu, mara nyingi ya buluu au kijani. Zikizeeka huvuja na kula nyaya za bodi. Ukiona ukungu wa kijani kuizunguka, usiwashe. Fundi wa elektroniki aikate na asafishe kwanza.

Usifungue pawa saplai wala skrini ya kioo kizito cha zamani. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa, na ndani ya skrini za rangi za aina hiyo kuna zaidi ya volti 20,000. Ukisikia mlio wa kutatarika, ukanusa harufu ya kuungua au ukaona moshi, zima ukutani, ondoka, umwite fundi wa televisheni za zamani. Hao bado wapo.

Kuhusu flopi: usiwashe mashine ikiwa na flopi usiyoijua kwenye drevu A. Virusi kama Michelangelo, kilichofuta diski kila tarehe 6 Machi, viliingia kwa njia hiyo hiyo, na flopi iliyokaa miaka 30 bado inaweza kuwa nacho. Drevu za USB zinazouzwa leo husoma za inchi 3.5 tu, za inchi 5.25 zinahitaji drevu ya zamani na kifaa kama Greaseweazle, ambacho pia husoma diski zilizowekewa ulinzi wa kuzuia nakala.

Mwisho, sogeza kifuniko cha flopi uutazame utepe wa ndani kwenye mwanga huku ukiuzungusha taratibu kwa kitovu chake. Pwani, kwenye unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, kuvu huota humo. Ukiona madoa meupe, usiiingize popote. Kuvu huganda kwenye kichwa cha drevu, na kichwa hicho kitakwangua kila flopi inayofuata. Itenge, iandike, umpelekee mtu anayejua kusafisha diski. Na kama drevu imeshaguswa na flopi ya namna hiyo, isafishwe kwa spiriti safi ya isopropili kabla ya kuonja diski nyingine.